Kuosha Kumo Humo Humo

Katika saluni kuna watu wa aina tatu: anayesuka, anayesukwa na anayelaumiwa. Mimi ni huyo wa tatu. Nywele zikitoka vizuri, dada msusi ana mkono mwepesi. Zikitoka vibaya, hazikuoshwa vizuri. Dawa ikiunguza, nilichelewa kuitoa. Isiposhika, niliwahi mno. Rasta zikianza kuteleza kabla ya Jumapili, kondishena haikutoka. Mteja akipiga chafya usiku akiwa kwake, chini ya mablanketi, chanzo ni maji yangu. Kuna mmoja mchumba wake alimwacha wiki ileile aliyotoka kwetu, na kila tukikutana gengeni ananitazama kwa jicho ambalo mpaka leo nalitafutia maana.

Saluni yetu ipo hapa Kifanya, kwenye barabara ya kutoka Njombe kwenda Songea. Ni chumba kimoja chenye kioo kikubwa, draya ya kusimama, benchi la wanaosubiri na la wasiosubiri chochote, na sinki moja la kuoshea ambalo bosi alilinunua Makambako likiwa limeshatumika. Makambako ni njia panda: barabara kuu ya kwenda Zambia, reli ya TAZARA na barabara yetu ya Songea zote zinakutana hapo, kwa hiyo kila kilichochoka kwingine hupumzika Makambako kwanza ndipo kije kumalizia uzee wake kwetu. Sinki hilo lina ufa pale shingo inapolala. Tumeufunika kwa taulo. Wateja wanadhani taulo ni huduma.

Cheo changu ni msaidizi. Ukikisikia hivyo unaweza kudhani kuna jambo ninalosaidia na mengine siyagusi. Msaidizi hupasua kuni, huchota maji, hupasha maji, huosha vichwa, hufagia nywele, hushika watoto wa wateja, hukimbizwa dukani kununua vocha, na huwaambia watu kwamba bosi yuko hapo karibu anakuja, wakati bosi yuko Njombe mjini tangu asubuhi. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yalikuja siku moja na ushauri wa shangazi: nikajifunze kusuka. Wenzangu waliopata ada wakaenda VETA, ambako ususi ni kozi ya watu, ina mwalimu, mtihani na cheti. Sisi wengine tunajifunza kwa kutazama. Shida ni kwamba wakati dada msusi anasuka, mimi nimeinamia sinki, kwa hiyo nilichokitazama kwa makini hadi sasa ni sinki.

Nianze na maji, maana ndiyo yanayonitukanisha zaidi.

Njombe mjini ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa Kifanya hatukuachwa mbali na baridi hiyo. Mwezi Juni na Julai kuna asubuhi unaamka unakuta sakitu imelala kwenye majani ya viazi, na ukungu unaingia saluni bila kubisha hodi na unakaa kwenye benchi muda mrefu kuliko wateja. Hapo ndipo mtu anakuja kuoshwa nywele. Zamani tulikuwa na hita ile ya kutumbukiza kwenye ndoo, lakini bosi alipoona yuniti za LUKU zinavyokimbia aliichomoa mwenyewe na kuifungia kabatini, na funguo ya kabati anatembea nayo. Tangu hapo ni sufuria na mabanzi ya paini. Kwa mabanzi hatulii njaa. Huku ni nchi ya mbao. TANWAT wenyewe wapo pale Kibena na miwati yao tangu mwaka 1949. Moto tunao. Moshi tunao zaidi. Kuna siku mteja anatoka nywele zikiwa zimenyooka na kung'aa, akikuinamia unasikia harufu ya samaki wa kubanika.

Halafu kuna jambo alilotufundisha mwalimu wa fizikia, nikaliona la mtihani tu: kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwenye mita 2,000 yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kumbe alikuwa ananiandalia maisha. Huku kwetu hata maji yenyewe hayamalizi safari, lakini mimi natakiwa nimridhishe kila mtu.

Mteja akilala, mazungumzo ni yaleyale.

“Wewe binti, unaniosha au unanichemsha?”

“Samahani mama, napooza.”

“Sasa unanigandisha!”

“Samahani mama, naongeza ya moto.”

“Hapo hapo! Hapo hapo, mwanangu, usibadilishe.”

Akisema hapo hapo, ujue jagi limeisha. Sijui kwa nini Mungu alipanga hivyo. Utamu wa maji huja na tone la mwisho, na jagi linalofuata linaanza kesi upya.

Mwezi Desemba ndiyo balaa lenyewe, maana wanarudi ndugu zetu wa Dar es Salaam kula Krismasi. Wanashuka kwenye basi wamevaa kandambili. Wakifika kwenye sinki wanashangaa mbona tunapasha maji kwa kuni, wao kwao wanaoshwa kwa maji ya bomba tu. Nimejitahidi kuwaeleza kwamba bomba la Dar hutoa maji yaliyokwishapashwa na jua bure, na kwamba jua hilo huku tunaliona kwa miadi. Hawaelewi. Mmoja alisisitiza nimwoshe kwa maji ya bomba, asionekane mtu wa kudeka. Nikamtii. Alichosema jagi la kwanza lilipotua siwezi kukiandika hapa, ila tangu siku hiyo naye anapashiwa.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hapo pana elimu, na elimu hiyo ndiyo inayoniuma.

Dawa za kulainisha nywele si mchezo. Nyingi zina sodiamu haidroksaidi au kalsiamu haidroksaidi, na hiyo ya kwanza ndiyo hiyohiyo wanayotumia watu kuzibulia mabomba ya choo. Kazi yake ni kuvunja vile vifungo vinavyoufanya unywele ujikunje. Ikishavivunja haina adabu ya kusimama. Inaendelea na unywele wenyewe, kisha inahamia kwenye ngozi, hasa kama mteja alijikuna kichwa usiku wa jana na kudanganya kwamba hakujikuna. Kinachoisimamisha ni maji mengi na ile shampuu ya kuzimia dawa. Baadhi ya shampuu hizo zina ujanja wa rangi: povu likitoka la waridi, dawa bado imo, likitoka jeupe, imeondoka. Nimesimama pale na povu la waridi mikononi, mteja ananiambia inatosha, dada msusi ananiambia inatosha, benchi zima linaniambia inatosha, na mimi peke yangu naona haitoshi.

Kwa hiyo naomba tuelewane. Anayepaka dawa ndiye anayewasha moto. Anayeuzima ni mimi. Lakini mteja akisimama mbele ya kioo, akarusha nywele kushoto, akarusha kulia, anamgeukia nani kusema asante? Anamgeukia aliyewasha.

Tungeishia kwenye asante ningevumilia. Kuna karatasi ukutani, imechapwa stesheneri ya Njombe mjini na kupigwa plastiki, nayo ndiyo orodha ya bei. Kila kitu kimo. Kusuka rasta kubwa kuna bei, rasta ndogo kuna bei. Kufumua kuna bei. Dawa, stimu, kubana, kubandika kope, kutinda nyusi, kupaka rangi ya kucha, kurudishia ukucha mmoja uliobanduka ukichambua maharage: vyote vina bei. Kuosha hakumo. Mteja akiuliza, “Na kuosha je?”, bosi anatabasamu kwa upole ambao sisi wa ndani hatuujui: “Kuosha kumo humo humo, mama.”

Humo humo wapi? Kuni nilizopasua ni humo humo. Ndoo nilizobeba ni humo humo. Mgongo wangu ni humo humo. Dada msusi analipwa kwa kichwa, bosi anachukua fungu lake, na mimi napewa kinachoitwa hela ya sabuni. Na kwa kuwa nashinda nimezama kwenye sabuni kutwa nzima, bosi anaona kama nimeshalipwa.

Kinachonikosesha usingizi ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Pale mwanaume anaingia na nywele zisizojaza kijiko cha chai. Zinanyolewa mpaka kichwa kinarudisha mwanga. Kisha anaoshwa. Nauliza, anaoshwa nini? Na kuosha huko kuna bei! Kuna na skrabu ya uso, ambayo bei yake imeipita ya kunyoa, na binti anayeosha hushikishwa na chenji juu, abaki nayo. Yaani mwanaume asiye na unywele hata mmoja analipia kuoshwa, na mke wake, mwenye nywele zinazogusa mabega na vumbi la mwezi mzima la shamba la chai, anaoshwa bure ng'ambo hii. Tena akiwa amelala sinkini ndipo ananiuliza mimi: “Hivi wale mabinti wa kule huwa wanaosha mpaka wapi?” Naishia kusema sijui, mama, huku kwetu tunaishia masikioni.

Niliwahi kumwambia shangazi kwamba kule ng'ambo wanatafuta mtu. Shangazi aliweka chini kikombe. Akasema mtoto wa kaka yake hawezi kulelewa kwa mapenzi yote yale halafu aje kupapasa vipara vya waume za watu. Mjadala ukafungwa, nikarudi kwa wake zao.

Na wake zao wana mambo. Mtu akilala chali na kufumba macho husahau kwamba anayemshika kichwa naye ana masikio. Nimesikia kwenye lile sinki habari za viwanja, za wakwe, za simu zenye laini mbili, na za mtu ambaye kila mmoja anadhani ni mchumba wake peke yake. Siri hizo nazo ni humo humo. Ningekuwa natoza hata shilingi mia kwa siri, saa hizi ningekuwa na shamba la parachichi.

Kuna siku mama mmoja, ambaye sitamtaja hata kwa rangi ya kitenge chake, alikuwa sinkini povu limemjaa. Mlango ukafunguka, akaingia mweka hazina wa kikoba chao, amekuja kufumua. Mama akanishika mkono.

“Binti,” akaninong'oneza, “endelea kuosha.”

“Zimeshatakata, mama.”

“Nimesema hazijatakata.”

Nikamvutia taulo usoni, nikaendelea. Nikarudia shampuu. Nikatia kondishena. Nikaitoa, nikarudi kwenye shampuu. Mweka hazina naye anafumuliwa polepole, msuko kwa msuko, huku akiwahadithia wote waliokuwa kwenye benchi kuhusu watu wanaokopa hela za kikoba wakisema wananunua miche, na marejesho yakifika simu hazipatikani. Kichwa nilichokishika kikawa kinatikisika kukubaliana naye. “Watu wengine hawana haya kabisa,” ikatoka sauti chini ya taulo, nzito, ya kigeni, sauti ambayo hata mimi niliyekuwa nimeishika sikuitambua. Mweka hazina akaitikia, “Ahsante dada, waambie!”

Maji ya moto yaliisha. Mabanzi yaliisha. Mweka hazina alipotoka, mama akainuka na nywele safi kuliko zote zilizowahi kutokea katika tarafa hii, akalipia alichofanyiwa, yaani kubana, akaaga. Kuosha humo humo. Kumficha humo humo.

Mnisamehe, nimetaja parachichi nikapita haraka, na parachichi ni kesi inayojitegemea. Njombe sasa ni nchi ya parachichi. Watu wameng'oa mpaka mahindi wakapanda Hass, lile la kusafirishwa nje. Yanayopita mikononi mwa wanunuzi yanapanda magari yenye ubaridi. Yanayokataliwa kwa udogo au makovu yanaishia gengeni, na siku hizi vichwani. Mteja anakuja na mfuko wake: parachichi, yai, mayonizi kidogo, mafuta ya nazi. Dada msusi anaponda, anapaka kwa madaha, anamvalisha mfuko wa nailoni. Hiyo inaitwa tritimenti ya asili na ina bei ukutani. Kupaka, wenyewe wanajua, ni dakika chache. Kutoa ndiko kuna ajira.

Parachichi lililoiva sawasawa hutoka. Lakini watu wanatuletea yale ya kukataliwa, magumu, yameiva upande mmoja, na hayo hayapondeki, yanagawanyika vipande vidogo vidogo, kila kipande kinatafuta unywele wake na kufunga nao ndoa. Hapo huwezi kutumia jagi, unatumia kucha. Unakishika kipande, unakivuta taratibu mpaka kwenye ncha, unarudi kufuata mwenzake. Na yai nalo: hilo ni lazima lioshwe kwa maji yaliyopoa, maana kila mtu aliyewahi kusimama jikoni anajua yai likikutana na moto linafanya nini. Sasa nenda kamwambie mtu wa Njombe, mwezi wa saba, kwamba leo anaoshwa kwa maji ya baridi kwa faida yake. Nilimwambia mmoja. Akasema nimechoka kupasua kuni. Akaagiza maji ya moto, nikampa. Jumapili iliyofuata alikaa kanisani mbele ya mtoto mdogo, na mtoto akashinda ibada nzima ametulia, mama yake akifurahi jinsi alivyokua. Kumbe alikuwa anachambua kichwa cha mbele na kuweka vipande mdomoni. Aliyelaumiwa mnamjua.

Lakini hayo yote niliyameza. Lililonitoa kwenye uvumilivu ni tangawizi.

Siku hiyo bomba lilikata maji mteja akiwa na dawa kichwani, imeshafikia wakati wake. Kwenye ndoo hamna kitu. Mteja akaanza kwa upole: “Inawasha.” Baadaye: “Inaunguza.” Baadaye akaanza kuwaita watakatifu mmoja mmoja kwa majina. Nikatoka mbio hadi kwa mama ntilie wa jirani, ambaye sufuria yake ya chai ilikuwa inachemka.

“Mama, naomba maji, mtu anaungua!”

“Nimeshatia tangawizi.”

“Majani?”

“Bado.”

“Nipe hivyo hivyo.”

Yalikuwa ya moto, lazima yapozwe, na maji pekee ya baridi aliyokuwa nayo ni yale aliyooshea mchele. Tukachanganya. Nikarudi na ndoo inafuka moshi wa sikukuu, nikamimina, nikaosha, nikamimina, mpaka povu likatoka waridi likaja jeupe. Mteja akatulia. Akavuta pumzi. Akasema, macho bado ameyafumba, “Mbona inasisimua hivi? Mmetumia nini?”

Mimi nikafungua mdomo niseme ukweli. Bosi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia mlangoni na mkoba wake, akaniwahi: “Ni tritimenti mpya, mama. Tangawizi na mchele.”

Wiki iliyofuata orodha ya bei ilichapwa upya. Chini ya stimu, juu ya kope, kuna mstari: *Tangawizi na mchele, 5,000*. Tangawizi! Haijawahi kubeba ndoo. Haijawahi kupigiwa kelele na mtu. Haijui hata sinki lilipo mpaka niipeleke. Imeingia saluni juzi, tayari ina mstari wake na bei yake, na mama ntilie naye analipwa kwa sufuria. Mimi niliyeikimbiza barabarani na mvuke unanipiga usoni, humo humo.

Msije mkadhani lawama zinatoka Kifanya peke yake. Nyingine zinatoka ng'ambo. Tunaye mteja, mwalimu mstaafu, ambaye mwanawe ni daktari. Mwanawe huyo alimweleza kwamba mwaka 1993 daktari mmoja wa Marekani, Michael Weintraub, aliandika katika jarida la madaktari la JAMA habari za wanawake watano waliopata dalili za kiharusi baada ya kuinamishiwa shingo nyuma kwenye sinki la saluni. Mishipa inayopeleka damu nyuma ya ubongo inapita shingoni, na shingo ikikunjwa vibaya kwa muda mrefu inaweza kubanwa au kuchanika. Ni jambo nadra sana, ila ni kweli, na mimi nalitangaza kwa moyo mmoja: ukiwa umelala pale ukaona kizunguzungu au shingo inauma, usione aibu, sema uinuliwe.

Mwalimu hakungoja kizunguzungu. Siku hizi halali kabisa. Anapiga magoti mbele ya beseni, ameinamia mbele, na mimi nimepiga magoti pembeni yake na jagi. Tukiwa hivyo, anayeingia ghafla huvua kofia na kusubiri tumalize sala. Maji yanamwingia puani, anakohoa, ananishitaki kwamba nataka kumzamisha. Nimwinamishe nyuma, ni kiharusi. Nimwinamishe mbele, ni kuzama. Akiinuka ananiambia, kwa sauti ile ya darasani, kwamba hata Marekani imethibitika hatari yote ya saluni iko kwa anayeosha.

Na mikono yangu nayo nani ameithibitisha? Vidole vimekunjamana kuliko vya bibi yangu aliyenizidi kila kitu kwa umri. Kati ya kidole na kidole ngozi imepasuka, na shampuu ikipita hapo najua bila kusoma kibandiko kwamba ina chumvi. Madaktari wa ngozi wanalijua hili siku nyingi: katika ususi, wanaoumwa mikono zaidi ni wanagenzi, kwa sababu ndio wanaoshinda kwenye maji na shampuu. Nikamwomba bosi glavu. Akasema glavu ni za anayepaka dawa. Nikamuuliza, na anayeitoa? Akasema nikae chini anieleze habari za Madam C. J. Walker.

Bosi anampenda sana mama huyu. Alizaliwa Marekani, jimbo la Louisiana, mwaka 1867, mtoto wa watu waliotoka utumwani. Akafua nguo za watu kwa miaka mingi. Ndipo akaanza biashara ya mafuta na dawa za nywele, mpaka alipofariki mwaka 1919 akiwa mmoja wa wanawake weusi matajiri kupita wote nchini humo. “Unaona?” bosi anasema. “Hata yeye alianza kwenye beseni.” Naona, dada. Lakini Madam Walker alifua nguo. Shati halijawahi kumwambia mtu kwamba maji ni ya moto. Gauni halina mweka hazina wa kukimbia. Na juu ya hayo yote, alikuwa analipwa kwa kufua. Hakuna mahali nilipoambiwa kwamba kufua kulikuwa humo humo ndani ya kupiga pasi.

Wateja nao wana faraja yao. Wakiniona nimekaa na nywele zangu zimesimama, hazijaguswa na kitana tangu Pasaka, wanacheka: “Kinyozi hajinyoi!” Mwingine anaongeza, “Usijali binti, muosha huoshwa.” Naipenda methali hiyo, ila nimeifikiria vizuri nikiwa nasuuza. Aliyeitunga alikuwa anasemea waosha maiti. Nisingependa kusubiri mpaka hapo.

Kwa hiyo nilijikaza. Nikachagua siku ambayo bosi alikuwa amefurahi, maana harusi mbili na kipaimara viliangukia wiki moja na benchi lilijaa mpaka nje. Nikamwambia kwa adabu: dada, sina ugomvi na mtu, naomba jambo moja tu, kuosha nako kuandikwe. Kuwe na mstari wake. Hata kama ni hela kidogo, watu waone kwamba ni kazi.

Bosi alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema, “Unajua, una akili wewe. Sikuwahi kulifikiria hilo.” Nikaenda kulala na furaha. Nikamweleza shangazi. Shangazi akasema Mungu si Athumani.

Asubuhi nilimkuta fundi wa mabango ameshapanda ngazi. Bosi hakuandika kwenye ile karatasi ya ukutani, aliona ni ndogo kwa jambo zito namna hii. Aliandikisha nje, upande unaotazama barabara, kwa herufi nyekundu ambazo hata dereva wa basi la Songea anazisoma bila kupunguza mwendo: *HAPA KUOSHA NI BURE*.

Tangu hapo wanakuja hata wasiosuka. Wanakuja kuoshwa tu, wanashukuru, wanakwenda kusukwa kwa dada zao nyumbani. Jana ameshuka mmoja kwenye basi wakati abiria wanachimba dawa, ameoshwa, amerudi ndani ya basi na taulo letu.

Msomaji wangu, siku ukipita Kifanya ukaliona bango hilo, nakuomba kwa heshima zote: nywele zako ni safi. Endelea na safari.